Mkate Wenye Jina la Danitza

"Kitendawili!" alisema Danitza.

"Tega," alijibu Rosmery.

"Ng'ombe wangu ananing'inia juu, ndama ananyonya kwa mkono."

Rosmery akajifanya anafikiri. Akatazama dari, akatazama dirisha, akautazama mfuko wa dawa uliotundikwa kwenye chuma, na mpira wake mwembamba ulioshuka mpaka mkononi mwa mtoto.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Cochabamba."

"Cochabamba sitaki, ina sindano. Nipe mwingine."

"Haya, chukua Oruro."

"Nimekwenda Oruro, nimecheza ngoma siku tatu, nimekula mpaka mkanda ukakatika, nimerudi. Ng'ombe ndiye huyu hapa juu, na ndama ni mimi. Wewe dada unasomea uuguzi halafu hujui hata ng'ombe wa hospitali!"

Danitza alikuwa na miaka saba na saratani ya damu. Mama yake alikuwa Uhispania, akiogesha wazee wa watu wengine ili atume fedha, na kitandani pale aliyekaa naye ni bibi yake, Saturnina, aliyeshuka kutoka milima ya Tapacarí na mkoba mmoja na kofia moja. Bibi Saturnina alizungumza Kikechua, na Rosmery alikielewa kwa sababu ndicho mama yake alichomgombezea tangu utotoni.

Rosmery alikuwa na wenzake tisa wa chuo, waliojiita Mikono ya Joto. Walichangisha kwa ajili ya familia za watoto wa wodi ile: chumba cha kulala mzazi, nauli ya kurudi mlimani, dawa ambazo duka la hospitali lilikuwa limeishiwa. Na mara nyingine, jambo ambalo hawakulisema kwa sauti, sanduku dogo jeupe. Kila mwisho wa Oktoba waliwasha tanuri la shangazi wa mwenzao Wilber na kuoka mikate ya siku ya marehemu, ile yenye umbo la mtoto aliyefungwa nguo, na uso wa kupakwa rangi. Nani Cochabamba asiyeinunua? Kila nyumba ina marehemu wake inayemsubiri.

Mwaka ule Danitza alitaka mkate wake.

"Kila aliyekufa anaokewa," alilalamika, "mimi niliye hai nanyimwa. Kosa langu nini?"

Rosmery alicheka, akaahidi. Akafinyanga mkate mkubwa kuliko yote, akausuka nywele za misuko miwili mirefu kama zile za Danitza kabla dawa hazijazila. Ulipotoka tanurini akachukua kifuko cha sukari nyeupe, aandike jina kifuani. Kwenye herufi ya kwanza mkono ulisita, kama mkono wa mtu anayebisha mlango wa nyumba asiyoijua. Akausukuma mkono. Akaandika: DANITZA.

Siku ya pili yake, kwenye meza yao ya mauzo, watu walijaa kama nyuki. Rosmery alikwenda kuleta mikate mingine, na aliporudi mkate wa Danitza ulikuwa umeuzwa.

Basi asubuhi ya tarehe mosi Novemba aliingia wodini mikono mitupu, na cha kuomba radhi alikuwa nacho kimoja tu: picha kwenye simu.

"Mzuri!" alisema Danitza. "Ana nywele zangu! Bibi, njoo unione."

Bibi Saturnina akavaa miwani yake yenye mguu mmoja wa uzi. Hakujua kusoma, lakini jina la mjukuu wake alilijua kwa umbo, maana ndilo lililoandikwa kwenye kibao pale kitandani. Akaitazama simu, akakitazama kibao, akaitazama simu tena.

"Huu mkate uko wapi?"

"Umeuzwa, bibi. Ni bahati mbaya, mwenzangu alidhani kwamba..."

"Umeuzwa kwa nani?"

"Sijui, bibi."

"Na mikate hii watu wakinunua huiweka wapi, binti? Nijibu wewe uliyesoma."

Jibu Rosmery alilijua tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Alilijua wakati anakanda unga, alilijua wakati anaandika, na kwa namna asiyoweza kuieleza, hakulijua mpaka alipoulizwa.

"Mezani kwa marehemu," alisema polepole.

"Umemwoka mjukuu wangu," alisema bibi. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Umempa sura, umempa nywele, umempa jina, ukampeleka mezani kwa wafu. Leo saa sita mchana wanafika. Watasoma nini pale?"

"Bibi, wafu hawajui kusoma," alisema Danitza.

"Wa siku hizi wamesoma wote. Nyamaza."

Akainama chini ya kitanda, akavuta mkoba. Alianza kukunja: soksi, kikombe, blanketi la sufu. Daktari wa zamu akaitwa. Akasema yote aliyokuwa nayo, kwamba mzunguko wa tatu wa dawa unaanza leo hii saa tisa, kwamba mtoto akikatizwa katikati ugonjwa unarudi na meno mapya, kwamba amewaona waliotolewa hivyo na amewaona walivyorudishwa. Rosmery alitafsiri.

"Mwambie daktari," alisema bibi, "yeye anapigana na ugonjwa, na namshukuru. Lakini huu sasa ni mwito. Nyumba hii wamefia watoto wangapi? Wote leo wanapita hapa wakienda kwao. Wakilisikia jina la mwenzao linaitwa mezani, watamshika mkono waende naye. Nitamrudisha kwetu. Kule wafu ni wetu, tunajuana, nitawaomba. Basi linaondoka saa nane."

"Bibi, nikiuleta mkate?"

Bibi aliacha kukunja.

"Uulete kabla saa sita haijagonga kwao. Mzima, bila kumegwa. Nitauita jina kwa mdomo wangu mwenyewe, mtoto aule, liishie tumboni mwake, na mimi nitakaa hapa mpaka dawa iishe. Usipouleta, usinitafute."

Ilikuwa saa tatu na nusu.

Wilber alikuwa anafagia unga nyumbani kwa shangazi yake. Kijana mrefu, mchekeshaji, asiyejua kubeba jambo zito bila kulitania kwanza.

"Ule mkubwa? Mwanamke mwenye sketi nyeusi. Alisimama mbele yake muda, nikadhani ameganda. Nikamwambia huu una mwenyewe, akasema, 'Ndiyo, ni wangu.' Akatoa noti ya mia, hakungoja chenji. Nikasema moyoni, leo tumepata mtakatifu."

"Alikwenda wapi, Wilber?"

"Aliuliza gari za Pukara zinasimama wapi. Kwani kuna nini? Mbona umekuwa rangi ya unga?"

Akamweleza. Wilber akaweka ufagio chini, na kwa mara ya kwanza hakutania.

"Tuoke mwingine," alisema. "Sikiliza. Unga upo, tanuri bado lina moto. Saa moja tu. Nywele zilezile, sukari ileile. Bibi ataujuaje?"

Ndugu zangu, hilo lilikuwa jambo jepesi kabisa. Rosmery alishika hata kifuko cha sukari. Lakini alipokiinua aliona kama kuna mtu nyuma yake anayengoja kusoma. Jina limeitwa mara moja kwa makosa, aliite tena kwa makusudi? Akakiweka.

"Siwezi."

"Basi kimbia," alisema Wilber.

Mtaa wa Pukara siku ile ulikuwa milango wazi, kama ilivyo kila nyumba iliyofiwa mwaka huo. Mtu yeyote huingia, humsalia marehemu, hupewa mkate na kikombe. Rosmery aliingia nyumba ya kwanza aliyoiona. Mezani kulikuwa na kuku mzima, pakiti ya sigara na bia tatu. Huyo marehemu alikuwa na hamu zake. Mjane alimkamata mkono kabla hajasema neno.

"Msalie kwanza. Maswali baadaye."

Rosmery akapiga magoti, akasali mbiombio, jicho moja kwenye saa ya ukutani.

"Wewe binti," alisema mjane, "unamsalia au unamfukuza?"

"Nisamehe mama. Natafuta mkate mkubwa wenye nywele za kusuka na jina la mtoto."

Uso wa mjane ukalegea. "Mtoto? Fuata ukuta, kona ya pili, mlango wenye utepe mweupe. Kwa Emeteria. Ukifika usimwambie pole, hapendi. Mwambie lolote lakini si pole."

Saa tano na robo Rosmery alisimama kwenye mlango wenye utepe mweupe. Ndani, meza ilitandikwa kitambaa cheupe, maana ni mtoto. Miwa miwili imesimamishwa kama mlango. Ngazi ya mkate, ya roho kushukia. Bakuli la supu ya karanga, chungwa, jeli nyekundu kwenye kikombe cha plastiki. Na katikati, juu ya yote, mkate mkubwa wenye misuko miwili mirefu, jina lake jeupe kifuani. Nyuma yake picha ya msichana wa miaka tisa, amevaa koti jeupe la shule, haangalii kamera bali kitu pembeni yake. Chini ya picha: Danitza.

Rosmery alilisoma mara mbili. Jina lilikuwa palepale.

Mwanamke mwenye sketi nyeusi alitoka jikoni akifuta mikono, akaiona fulana ya Mikono ya Joto, akasimama. Kisha akaja mbio akamkumbatia.

"Mmekuja! Nilijua mtakuja! Aliyemtengeneza ni wewe?"

"Ni mimi, mama, lakini..."

"Miezi tisa hakuna anayelitaja jina lake. Majirani wanaliruka kama shimo. Mume wangu analiruka. Jana napita pale sokoni, naona meza ya wanafunzi wa ile wodi, naona mwanangu ameandikwa kwa sukari. Na nywele zake! Nikasema, kumbe wao wamemkumbuka. Kaa, mwanangu. Kaa hapa karibu naye."

Alimkalisha kwenye kiti kinachoitazama picha. Alizungumza bila kupumzika, kama bomba lililofunguliwa. Danitza wake alilazwa miezi minane. Kitanda cha dirishani, kile ambacho asubuhi jua linaanzia miguuni. Alikufa mwezi wa pili.

Rosmery alijiunga na kikundi mwezi wa tano, huyu hakumjua kamwe. Lakini kitanda cha dirishani alikijua. Ndicho alichokuwa akikalia ukingo wake akitegewa vitendawili.

Saa ya ukutani ilisema tano na nusu.

Alitamani mtu mwingine aseme. Hakukuwa na mtu mwingine.

"Mama Emeteria," alisema, "mkate huu sikumtengenezea mwanao."

Akasema yote, macho yakiwa sakafuni: kitanda, dawa ya saa tisa, bibi na mkoba, basi la saa nane. Alipomaliza, kilichosikika ni sufuria jikoni. Emeteria alikuwa amekaa. Mikono yake ilitulia mapajani, viganja juu, kama ya mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Kumbe hamkumkumbuka."

"Sikumjua, mama."

"Na huyo mwingine yu hai."

"Yu hai."

"Amelala pale pale."

"Pale pale."

Emeteria akatazama picha. "Anapenda nini?"

"Vitendawili. Na kuamrisha watu."

"Wangu alipenda maji," alisema Emeteria. "Kila dimbwi alilikanyaga." Akainyoosha kona ya kitambaa cha meza. "Sikiliza, mwanangu. Sikunyimi. Lakini anakuja kwa mara ya kwanza. Ametoka mbali na amekuja kwa ajili ya mkate huu. Afike akute pengo katikati ya meza? Mngoje afike. Ale. Baada ya hapo ubebe."

"Bibi alisema kabla ya saa sita."

"Nimesikia alivyosema."

Mlango ulikuwa wazi. Mkate ulikuwa umbali wa mkono, na Emeteria hakumshika wala kumzuia. Rosmery alijiona akiunyakua, akikimbia, akipanda teksi. Akajiona pia akiwa barabarani na mkate kifuani, na nyuma yake msichana mwenye koti jeupe akisimama mlangoni, anatafuta. Akabaki kitini.

"Mama yangu alisema hawaji kwa miguu," alisema Emeteria, akiwasha mshumaa. "Wanakuja kama nzi. Ndiyo maana leo hakuna anayempiga nzi."

Kengele za kanisa zikaanza. Fataki zikalia upande wa mtoni. Emeteria akafunika uso kwa shali, akaanza kunong'ona jina, mara moja, mara mbili, tena na tena, jina lililorukwa miezi yote tisa. Rosmery alitaka kuziba masikio. Kila lilipotajwa aliona kitanda cha dirishani.

Nzi aliingia mlangoni. Alizunguka miwa, akatua juu ya mkate, akatembea kwenye sukari, akasimama.

"Amekuja," alisema Emeteria ndani ya shali, ingawa hakuwa ameona kitu. "Nimemsikia. Amekuja mwanangu, amekuja." Alilia kwa furaha, kama mtu anayepokea mgeni stendi.

Na Rosmery, aliyekuwa macho wazi, akamwona nzi wa pili. Huyu hakutoka mlangoni. Hakujua alikotoka. Alishuka taratibu, akatua kwenye herufi ya mwisho, karibu kabisa na mwenzake, wakakaa hivyo. Halafu hawakuwepo.

Emeteria alipofunua uso aliufunga mkate katika kitambaa cheupe.

"Tunakwenda wote," alisema. "Bibi huyo hatakusikiliza wewe. Mimi atanisikiliza."

Walimkuta Bibi Saturnina langoni mwa hospitali, amesimama kivulini, mkoba begani. Danitza alikuwa mgongoni kwake ndani ya nguo ya kubebea, kofia ya sufu mpaka machoni. Ilikuwa saa saba na dakika kadhaa.

"Saa sita imepita," alisema bibi.

"Mama mkubwa," alisema Emeteria kwa Kikechua, "mimi ndiye niliyeununua. Nina Danitza wangu. Aliondokea humu." Akaufungua mkate. Haukuwa umemegwa hata unywele mmoja. "Aliitwa yeye, kwa mdomo wangu, mimi niliyemzaa. Amekuja, amekula. Hakuna mwingine aliyeitwa."

Bibi aliutazama mkate bila kuugusa. Kisha akamtazama yule mama, macho, sketi, viatu vyenye vumbi la Pukara. Wanawake wawili wakapimana namna ile ambayo haina maneno.

"Pole hupendi," alisema bibi.

"Sipendi."

"Basi sikupi. Nijibu hili tu. Walikuja wangapi?"

"Nilifunika uso, mama mkubwa. Muulize binti. Yeye aliona."

Bibi akageuka. Danitza naye akachungulia begani kwake, macho makubwa chini ya kofia.

Rosmery aliona barabara, na basi, na mlima. Akaona saa tisa na mfuko wa dawa ukingoja juu ya chuma. Akaona herufi ya mwisho.

"Mmoja," alisema.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu, bibi. Mmoja."

Wauza maua walipita, wakipigiana kelele za bei. Mwishowe bibi akaushusha mkoba kutoka begani, akamnyooshea Rosmery. Na Rosmery alipoupokea, bibi akamsogelea, akasema chini chini ili mtoto asisikie:

"Na kama wangekuwa wawili, ungesema wangapi?"

Rosmery aliukaza mkoba begani.

"Haya," alisema bibi. "Nishikie mkoba. Ngazi ni nyingi."

Wakapanda. Bibi aliuita mkate kwa jina, mara tatu, Danitza akala misuko yote miwili na kusema sukari imezidi. Emeteria alisimama mbali na kitanda cha dirishani, akakitazama, akaondoka bila kuaga. Saa tisa dawa ikaanza kushuka.

Lakini wafu waliokuja hukaa siku moja nzima, na huondoka kesho yake saa sita mchana. Hilo pia Rosmery alilijua tangu akiwa mtoto wa kubebwa.

Kesho yake alifika asubuhi na hakutoka. Wenzake walimpigia simu kutoka mezani, mikate imebaki, aje asaidie, akaizima. Danitza alikuwa na homa kidogo, kama daktari alivyosema itakuwa, na alilala midomo wazi. Jua lilianzia miguuni, likapanda magotini, likapanda kifuani. Bibi Saturnina, kwenye kiti chake, alikuwa anasokota sufu bila kuangalia mikono yake. Saa sita ilipokaribia akaacha kusokota.

Kengele zikaanza.

Rosmery aliingiza mkono chini ya blanketi, akaushika mguu wa mtoto juu kidogo ya kifundo. Ulikuwa mwembamba, una joto. Akaubana. Upande wa pili wa kitanda bibi alikuwa ameshashika mguu mwingine. Hawakutazamana. Kengele zilikuwa ndefu mwaka ule, ndefu kuliko alivyowahi kuzisikia.

Danitza akafumbua jicho moja.

"Dada, unaniumiza."

"Najua," alisema Rosmery, akazidi kubana.